Polithini ya Kieni: Safari Yangu ya Kwanza Mlima Kenya

Swali lililonitoa Mombasa lilikuja kwa simu. Kijana niliyemfundisha kemia, ambaye siku hizi ni afisa wa kilimo upande wa Kieni, alinipigia akasema: "Shikamoo Mwalimu. Huku kuna mabwawa mawili yametandikwa nailoni nyeusi. Unene ni uleule, yalichimbwa msimu mmoja. Moja linashika maji mpaka leo, jingine limejaa nyufa. Wakulima wananiuliza kwa nini, na mimi sina la kuwaambia." Nikamjibu kwamba nailoni iliyopasuka (kwa jina la kemia, polithini) huangaliwa kwa macho na kushikwa kwa mkono. Nilikuwa sijapita Nairobi kuelekea kaskazini hata mara moja, na Mlima Kenya nilikuwa nikiujua kwa picha tu. Shule zilipofungwa nikafunga safari.

Treni ya Madaraka ilipotoka Miritini tuliacha nyuma makontena yaliyopangwa kwa safu ndefu. Ndani ya baadhi ya makontena yanayoshushwa Kilindini huwa mna magunia ya kilo 25 yaliyojaa chembe nyeupe za plastiki, kila moja ya milimita tatu nne hivi. Ndiyo polithini ikiwa bado mbichi, kabla haijayeyushwa ikawa mtungi, bomba au karatasi. Nyingi hutoka Ghuba, kwenye mitambo mikubwa kama ile ya Jubail nchini Saudia, Ruwais huko Abu Dhabi na Sohar nchini Omani. Afrika Mashariki hatuna hata mtambo mmoja wa kutengeneza etileni, gesi ambayo polithini huzaliwa kutokana nayo. Kwa hiyo maamuzi yote makubwa kuhusu tabia ya plastiki yetu hufanywa kabla meli haijang'oa nanga: kichocheo kipi kimetumika, kiungo gani cha pili kimechanganywa na kwa kiasi gani. Viwanda vyetu vya Nairobi na Mombasa huyeyusha na kuunda. Mkulima wa mlimani naye hununua kwa rangi, unene na bei.

Kutoka Nairobi nilipanda matatu ya Nyeri. Thika, Kenol, Makutano, Sagana. Barabara ikaanza kupanda, hewa ikabadilika, na udongo ukawa mwekundu kuliko wowote niliouzoea. Upande wa kulia mawingu yalikuwa yameuziba mlima. Abiria mwenzangu, mzee mwenye koti zito na kofia, aliniona nikichungulia kila mara akaniambia, "Usiuhangaikie, kijana wangu. Kirinyaga hujionyesha asubuhi."

Karatina nilishuka makusudi. Soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi nchini, na siku ya soko watu hufika kutoka Murang'a, Kirinyaga na Nyeri yote. Nilisimama kwa mama mmoja wa ndizi. Alikuwa amepanga mikungu mibichi, na katikati yake akatia vichane vichache vilivyokwisha kuwa na manjano, kisha akafunika kwa magunia. "Hizi zilizotangulia ndizo zinazoita wenzake," akanieleza. "Ukiacha wazi zinakawia." Kile kinachoita ni etileni. Tunda linaloiva hutoa gesi hiyo, na gesi hiyo huliamsha tunda la jirani. Mrusi Dimitry Neljubow alionyesha mwaka 1901 kwamba etileni iliyokuwamo katika gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikipotosha ukuaji wa miche ya njegere katika maabara yake. Ni kitu kidogo sana, kaboni mbili na haidrojeni nne. Kiwandani huipata kwa kupasha ethani au nafta pamoja na mvuke kwa joto linalozidi sentigredi 800, na hapo molekuli kubwa huvunjika. Nilisimama pale kwa furaha kubwa, kwani kwa miaka nimeichora gesi hiyo ubaoni, na sasa nilikuwa mbele ya mtu anayeitumia kila siku kwa ustadi.

Jambo jingine nililoliona Karatina ni lile lisilokuwapo. Mifuko myembamba ya kubebea haikuwapo. Wateja walikuwa na mifuko ya kufumwa, vikapu, na kina mama wengi viondo vya mkonge. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali: faini ya kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Majaribio ya 2007 na 2011 yalikuwa yamegusa mifuko myembamba tu, na hayakudumu. Mtu wa Nyeri aliyekuwa amelipigia kelele jambo hilo mapema alikuwa Wangari Maathai. Nilipanga kufika kwao.

Nyeri niliingia jioni. Baridi ya huko mtu wa Pwani haelezwi akaelewa. Inaingia kwenye vidole. Mwenyeji wangu, yule afisa wa kilimo, alinipeleka moja kwa moja mahali penye chai ya maziwa, na pakiti ya maziwa ilipokatwa mbele yetu niliomba nipewe ile karatasi yake. Akacheka: "Mwalimu hajabadilika." Pakiti ya aina ile hufungwa kwa joto katika mashine inayokwenda kasi, na mara nyingi maziwa yenyewe yameshalowesha mahali pa kufungia. Polithini ya kawaida ingevuja. Inayofaa ni ile iliyochanganywa na okteni, moja ya viungo hivyo vya pili, inayoyeyuka mapema na kushikana hata ikiwa na maji. Sheria ya 2017 iliacha nje vifungashio vinavyotiwa bidhaa moja kwa moja kiwandani, na ndiyo maana pakiti hiyo bado ipo mezani.

Usiku ule tulizungumza sana, na kwa kuwa alikuwa amesahau nusu ya niliyomfundisha, tulianza upya.

Polithini ya kwanza ilipatikana Machi 1933, Uingereza, katika maabara za kampuni ya ICI huko Winnington. Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakiibana etileni kwa shinikizo la zaidi ya angahewa elfu moja, wakakuta mabaki meupe yenye nta. Kichocheo chake, kama ilivyobainika baadaye, kilikuwa oksijeni kidogo tu. Njia ile ipo hata leo. Humo mnyororo wa etileni zilizoungana hukua kwa fujo, hujiuma na kutoa matawi marefu na mafupi bila mpango, na plastiki inayotoka ni laini na angavu.

Kisha ukaja mwaka 1953. Nyeri na vijiji vyake vilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na wapiganaji wa Dedan Kimathi walikuwa katika msitu wa Nyandarua unaoonekana kutoka dirisha la chumba nilicholala. Mwaka huohuo, katika mji wa Mülheim huko Ujerumani, Karl Ziegler na wanafunzi wake walikuwa wakijaribu kurefusha minyororo ya etileni kwa kutumia misombo ya alumini. Jaribio moja likawakatalia kabisa: badala ya mnyororo mrefu, etileni mbili ziliungana zikasimama hapo, zikawa buteni. Walipochunguza wakagundua kwamba nikeli kidogo mno iliyobaki kwenye chombo ndiyo iliyokuwa ikiukata mnyororo. Wakajiuliza: ikiwa nikeli inakata, je, hakuna metali inayoendeleza? Wakaanza kujaribu metali moja baada ya nyingine. Zirkoni ikatoa polithini, na titani ikashinda zote, kwa shinikizo la kawaida ambalo hata mtungi wa kioo ungelistahimili. Ziegler alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963 pamoja na Mwitaliano Giulio Natta. Ninaipenda sana hadithi hii, hasa kwa sababu ya ile buteni. Kitu kilichoonekana kuwa kizuizi ndicho leo hii hutiwa makusudi kwenye mitambo ya dunia nzima, kikiwa komonoma, yaani kile kiungo cha pili kinachochanganywa na etileni.

Asubuhi mlima ulijionyesha, kama mzee alivyosema. Batian, mita 5,199, ilikuwa na theluji kidogo. Tukaelekea Tetu, hadi Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Njiani kina mama walikuwa wakishuka na mizigo ya kuni mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, na hapo nikapata mfano nilioutafuta. Kuni zilizonyooka hufungwa zikabana, mzigo ukawa mdogo na mgumu. Zenye vijitawi huacha nafasi kati yake, mzigo ukawa mnene na mwepesi kuukunja. Mnyororo wa polithini wa Ziegler ulionyooka hubana hivyo, ukatengeneza fuwele nyingi, na densiti yake hufika gramu 0.96 kwa sentimita ya ujazo. Hiyo ni plastiki ya mitungi ya maji. Ukitia buteni, kila mahali inapoingia hubaki kijitawi cha kaboni mbili. Hekseni huacha cha kaboni nne, okteni cha sita. Vijitawi hivyo huzuia kubana, na kwa asilimia chache tu za komonoma densiti hushuka hadi 0.92, plastiki ikawa ya kukunjika.

Ihithe ni kijani mpaka macho yanachoka. Wangari alisomea baiolojia Marekani, akapata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mifuko myembamba aliipinga kwa hoja ya mtu wa baiolojia: ikitupwa hushika maji ya mvua, na katika maji hayo mbu huzaa. Nilipokuwa nimesimama kwenye kivuli cha miti ile nilifikiri juu ya kazi ya kichocheo katika jambo hili. Mfuko ulioruka na upepo hadi kwenye ua wa watu uliwezekana kwa sababu vichocheo vipya vilitoa polithini yenye nguvu kiasi cha kuvutwa ikawa nyembamba mno bila kukatika. Wembamba ukaufanya uwe rahisi, urahisi ukaufanya utolewe bure, na kinachotolewa bure hutupwa. Nguvu ileile, ikitumiwa kwa unene wa milimita moja na kufukiwa kingo zake ardhini, inaweza kumpa mkulima maji kwa miaka mingi. Mimi nasimama na Wangari juu ya mifuko, bila kusita. Na kwa moyo uleule nataka karatasi ya bwawa iwe bora kuliko ilivyo.

Kupitia Kiganjo na Chaka tukaingia Kieni, na hapo nchi ikageuka. Mlima na Nyandarua huzuia mvua, na nyasi ni kavu, ingawa vilele vya theluji viko mbele ya macho. Watu hulima viazi, kabichi, vitunguu na nyanya, na bila bwawa msimu mmoja unaweza kumaliza mtaji wote. Karibu kila boma tulilopita karibu na Naro Moru lilikuwa na shimo limetandikwa nailoni nyeusi.

Bwawa bovu lilikuwa la mzee mmoja aliyetupokea kwa heshima na kutuita tukae kwanza. Baada ya chai alitushusha ukingoni. Maji yalibaki magotini. Nililala kifudifudi nikaangalia nyufa moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimefuata mikunjo ya karatasi, na pale ilipopita juu ya jiwe, na kando ya mshono uliounganishwa kwa joto. Kingo zake zilikuwa safi, zimekatika wima, bila dalili ya kuvutika. Karatasi iliyochanwa na kwato za ng'ombe huvutika kwanza, kingo zake huwa nyembamba na nyeupe. Hii ilikuwa imepasuka polepole kwa mkazo mdogo wa siku nyingi. "Hakuna mnyama aliyeingia humu," mzee akasema, na nailoni yenyewe ilikuwa shahidi wake.

Nguvu ya kuzuia ufa wa namna hiyo hutoka kwenye minyororo mirefu inayotoka fuwele moja na kuingia nyingine, ikizishona pamoja. Vijitawi vikiwa kwenye mnyororo mrefu, mnyororo hushindwa kujikunja wote ndani ya fuwele moja, na sehemu yake hulazimika kutokeza na kushika fuwele ya jirani. Kijitawi cha hekseni au okteni hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kifupi cha buteni. Lakini buteni ni rahisi kwa bei, na huingia kwenye mnyororo kwa wepesi zaidi, kwa kuwa molekuli kubwa hupata tabu kukifikia kichocheo. Na hapa ndipo kichocheo kinapoamua. Ndani ya kichocheo cha Ziegler mna sehemu nyingi zenye tabia tofauti. Zile zinazopokea komonoma kwa wingi ndizo pia zinazotengeneza minyororo mifupi, na zile zinazotengeneza mirefu huikataa. Vijitawi hurundikana pasipohitajika. Walter Kaminsky na Hansjörg Sinn, huko Hamburg, katika miaka ya 1970, walikuta kwamba maji kidogo yakikutana na msombo wa alumini huzaa mshirika anayeiamsha zirkoni kwa namna ya ajabu. Vichocheo vya ukoo huo, metaloseni, vina sehemu za aina moja tu, na kila mnyororo hupata mgao sawa wa komonoma. Kuna jambo jingine ambalo tangu nilisome sijaacha kulistaajabia: hekseni kidogo ikiingia mtamboni, mara nyingi kichocheo huongeza kasi ya kumeza hata etileni yenyewe.

Bwawa zima lilikuwa la jirani, mama mjane anayelima kabichi na vitunguu. Alikuwa amehifadhi hati za shamba kwenye folda, na ndani yake, pamoja na risiti, karatasi ya maelezo ya nailoni. Tuliisoma pamoja. Hekseni ilitajwa. Kaboni nyeusi, inayokinga plastiki na jua, ilikuwa kati ya asilimia 2 na 3. Na kulikuwa na kipimo cha ufa: kipande hukatwa alama, huning'inizwa kwa uzito ndani ya maji ya moto yenye sabuni, kikahesabiwa saa. Kiwango cha GRI-GM13, kinachotumiwa na wajenzi wa mabwawa sehemu nyingi duniani, kinadai saa 500. Yake ilikuwa imevuka. Mzee alipewa risiti yenye unene, urefu na bei, basi. "Mimi niliambiwa ni ileile," akasema kwa sauti ya uchungu, na mimi uchungu huo niliuona ni wa haki. Mtu huyu alikuwa ameuza ng'ombe kugharimia bwawa lile. Nailoni mbili zenye rangi moja na unene mmoja zilikuwa zimetoka kwenye mapishi mawili tofauti, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Yule mama alituonyesha pia kivungulio chake cha nyanya. Usiku wa Julai huku joto hushuka mpaka mimea hudumaa, na karatasi ya kivungulio inatakiwa iruhusu mwanga mchana na kuzuia joto lisitoroke usiku. Polithini tupu hulipitisha joto hilo. Wanaotengeneza karatasi nzuri huchanganya etileni na vinili asetati, ambayo hulimeza na kulizuia. Mchanganyiko huo hauwezi kutengenezwa kwa titani ya Ziegler, kwa sababu oksijeni iliyomo kwenye asetati hukamata metali na kuiua nguvu. Inabidi kurudi kwenye njia ya Fawcett na Gibson, shinikizo kubwa na peroksidi. Alikuwa na vipande viwili vilivyobaki, kimoja cha kivungulio hiki na kimoja cha kile cha zamani, akauliza kama naweza kuvitofautisha. Tukatoka nje, nikakata ncha ndogo za vyote, nikazishika kwa koleo na kuzichoma kiberiti, tukiwa upande wa upepo. Ya zamani ilinuka mshumaa uliozimwa, harufu ya polithini tupu. Hii mpya ilikuja na harufu kali ya siki, nyembamba lakini dhahiri, kwani asetati ikipata moto huachia asidi yake. Mama akainama, akanusa, akasema, "Ndiyo maana huku ndani asubuhi kuna uvuguvugu." Nikamwomba apunguze salfa anayopulizia ukungu wa mimea, kwa kuwa salfa hudhoofisha dawa inayoikinga karatasi na jua, na karatasi huchakaa kabla ya wakati wake.

Kesho yake mzee alituambia twende naye Nanyuki. Mji uko kwenye ikweta, na maduka yake ya pembejeo huhudumia wakulima mpaka Timau na Meru. Tukaingia duka ambamo hakuwa amewahi kununua. Muuzaji alitufunulia robota la nailoni nyeusi, akataja unene na bei. Mwanafunzi wangu akauliza komonoma. Kijana wa dukani akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza neno hilo. Hata hivyo hakukasirika. Alichukua daftari la oda akaandika kama alivyosomewa: densiti, komonoma, kaboni nyeusi, saa za kipimo cha ufa. Akaupiga picha ukurasa, akautuma kwa msambazaji wake Nairobi.

Tulikuwa bado tunakula viazi na maharagwe hoteli ya jirani alipokuja na simu mkononi. Nairobi walikuwa wametuma kurasa mbili. Robota lile lilikuwa la buteni, na saa za ufa hazikuandikwa. Walikuwa na la hekseni pia, lililopimwa, ghali kidogo, na lingefika baada ya siku chache. Mzee aliuliza bei mara mbili, akahesabu kwa vidole urefu na upana wa bwawa lake, kisha akamwambia kijana aandike risiti ya malipo ya awali, na juu ya risiti aandike hekseni.